Kuta Nilizoziita Gofu

Bi Mariamu tulimzika Ijumaa, na Jumapili, siku ya hitima, nilikuwa nimekaa mkekani katika chumba kilekile cha mtaa wa Magudju, Moroni, alichonipa nikae nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Wamekipaka rangi ya kijani na kutundika feni, lakini dirisha bado halifungi sawasawa, na harufu ya samaki wa jirani bado inaingia bila hodi. Wanawake walikuwa wanakula pilau na kumsifu marehemu. Mmoja akasema Mariamu alikuwa na subira, mwingine akasema si subira tu, alikuwa hana kinyongo na kiumbe, wa tatu akasema wanawake kama wale hawazaliwi tena. Nikaliweka tonge chini. Mimi hasira zangu huanzia masikioni, yanapata moto kwanza, na siku ile yaliwaka kama nimepigwa kofi. Subira ya Bi Mariamu naijua ilikotoka, kwa sababu mmoja wa waliombebesha ni mimi. Bintiye Zaliha alikuwa amekaa karibu na mlango, mvi zimemtoka chini ya leso, ananitazama. Hakuwa akinitazama kwa ubaya. Alikuwa ananitazama tu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Watu wa ukoo wangu hawahusiki na habari hii, nitawaacha wapumzike. Inatosha kusema asili yetu ni Ngazija, lakini mimi nililelewa Unguja, nikajifunza huko kuchora ramani za majengo, nikaja Moroni na sanduku la kalamu na Kingazija cha kuchekesha watoto. Wakati huo askari wa kukodiwa, wale Wazungu walioingia mwaka wa sabini na nane na bunduki zao, walikwisha kuizoea nchi. Walikuwa na magari, walikuwa na wake, na baadhi walikuwa na majina ya Kiislamu waliyojipa wenyewe. Kwenye ofisi ya ujenzi nilikoajiriwa walikuwa wanaingia bila kubisha. Mmoja wao, tuliyemwita Kapteni, ndiye aliyepewa kusimamia ujenzi wa jumba jipya la makumbusho ya utamaduni. Hebu fikiri. Mtu aliyeijia nchi kwa risasi akapewa kazi ya kututunzia vinu na mikeka yetu. Wakati ule hatukucheka, na wala hatukulia. Tuliamka asubuhi tukaenda kazini.

Ofisini wanaume waligawana kazi za kupendeza. Huyu alipewa uso wa jumba, yule ngazi, yule ukumbi. Mimi, mwanamke pekee kwenye meza za kuchorea, nikapewa njia za malori na mahali pa kutupa takataka. Walinicheka wakaniita Bibi Jaa. Mkuu wa ofisi, Mngazija mwenzetu aliyesoma Ufaransa na aliyevaa tai hata jua likiwa la kuivisha mayai, aliniambia hiyo ndiyo kazi inayonifaa, maana wanawake wanajua kufagia. Basi nikaifanya kazi ile kwa uchungu wa moyo na kwa ustadi wote niliokuwa nao. Nilipima vichochoro kwa utepe, nikaandika lori litapinda wapi na litakwama wapi. Nilipanga malori yasipite saa ya sala ya Ijumaa wala saa ya watoto kutoka chuoni. Mbao za ghala kuukuu litakalobomolewa niliziandikia waoka mikate, mabati mabovu niliyaandikia wavuvi, na kifusi, yaani yale mawe meusi ya volkano yatakayochimbwa kwenye msingi, nikakitafutia pa kukimwaga. Nilipata sehemu mbili. Moja ilikuwa shimo la zamani la kuchimbia mawe, mbali kidogo. Nyingine ilikuwa kiwanja cha mteremko juu ya mji, karibu, ambacho malori yangekifikia kwa robo ya muda. Mpaka leo nikilala naiona njia ya kwenda kwenye lile shimo, kila kona yake.

Jioni nilirudi Magudju nikala na Bi Mariamu na Zaliha. Tulikuwa tunakula ndizi mbichi za kuchemsha na samaki, siku nyingine mataba, kile kisamvu cha nazi ambacho Bi Mariamu alikipika mpaka sufuria ikaomba msamaha, na pembeni pilipili ya kusaga wanayoiita putu, iliyonitoa machozi na kuwafurahisha wao. Zaliha alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mkononi daima kofia anayomshonea mchumba wake, mwalimu wa shule. Na mazungumzo yao yalikuwa ni nyumba. Nyumba ya Zaliha. Kitanda kitakaa upande gani, pazia litakuwa rangi gani, mlango utazame barabara au utazame kwa jirani mmbeya. Visiwani kwetu mwanamume huingia nyumbani kwa mkewe, nyumba ni ya mwanamke, na binti asiye na nyumba hana ndoa kubwa, ile anda ambayo bila hiyo hata mumewe hahesabiwi mtu barazani. Hayo nilikuwa nayajua. Nilichokijua kwa kuhadithiwa nilidhani nakijua. Kwa vile walivyoisema ile nyumba, mimi nilidhani imesimama mahali, ina bati, ina madirisha, inangoja kupakwa chokaa. Siku moja Bi Mariamu alirudi amelowa jasho, ndoo kichwani, akasema ametoka kuzimwagia maji kuta za mwanawe. Nikamwambia pole. Sikumwuliza kuta zipi, wapi. Kuuliza si ujinga, hilo nilifundishwa kabla sijaota meno ya pili, na bado sikuuliza.

Kile kiwanja cha mteremko tulikwenda kukiombea bangwe, kwenye ule uwanja wenye viti vya mawe ambako wanaume waliokwisha kufanya ndoa kubwa huketi na kuamua mambo ya mji. Tulikwenda mkuu wa ofisi, Kapteni na mimi nyuma yao na ramani kwapani. Nilimwamkia mzee aliyesemekana ndiye mwenye kiwanja, Mbae Hamadi, nikamwambia kwezi, naye akaniitikia mbona, kwa heshima zote. Alikuwa kaka yake Bi Mariamu, mjomba wa Zaliha, na mara mbili nilikuwa nimemwona akija kula kwetu. Mkuu akamweleza kwamba serikali inajenga jumba la kuhifadhi mila, na inahitaji mahali pa kumwaga mawe. Wazee wenzake wote wakamgeukia. Mbae Hamadi akarekebisha joho lake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa uwanja, "Ardhi ile ni yangu. Mwageni." Wakampigia makofi. Kapteni akampa mkono. Na mimi, niliyelelewa mahali ambako hati ya shamba ina jina la baba, nikaandika jina lake bila wasiwasi kwenye nafasi ya mwenye ardhi. Ile ilikuwa ardhi ya mama yao, iliyokwenda kwa binti, itakayokwenda kwa binti wa binti. Yeye kazi yake ilikuwa kuilinda. Baadaye alijitetea kwamba alitaka kifusi kimwagwe chini tu, kwenye bonde, ili mteremko usawazike pawe na uwanja wa kuchezea ngoma siku ya harusi ya mpwawe. Huenda ni kweli. Lakini mbele ya wazee wenzake alishindwa kutamka maneno mawili, ya dada. Mwenyezi Mungu amrehemu, mimi sijamsamehe bado.

Keshoye nikaenda kupima peke yangu. Pale juu kulikuwa na kuta za mawe meusi na chokaa, zimefika mabegani, hazina bati, hazina mbao, majani yameota ndani, mbuzi amejipumzisha kwenye kona, na katikati ya chumba kikubwa mpapai umesimama na mapapai matatu mabichi. Nilizipima zile kuta vizuri sana. Ndivyo nilivyofundishwa, hata kitu cha kubomoa kipime kwanza. Kisha nikaandika pembeni kwa mwandiko wangu mzuri wa Kifaransa cha ofisini: gofu. Mwaka nilioondoka Unguja nilikuwa nimeacha nyuma nyumba nyingi za namna ile, kuta bila paa, wenyewe wamekimbia au wamekufa, na macho yangu yalikuwa yamezoea kwamba ukuta usio na paa ni kitu kilichokwisha. Haikunijia kwamba unaweza kuwa ni kitu kinachoanza. Ngazija yote ina nyumba kama zile! Msingi huwekwa binti akiwa anatambaa, ukuta mmoja unapanda akianza chuo, wa pili mjomba akirudi safari, na kila mtu apitaye humjua binti wa zile kuta kwa jina. Mtoto wa miaka sita wa pale asingefanya kosa nililofanya mimi na vyeti vyangu. Nikatia saini.

Wiki ile makabati ya vioo ya makumbusho yalikuwa yamefika bandari ya Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa sababu meli kubwa haziwezi kufunga Moroni, na mimi nikatumwa huko kupanga jinsi yatakavyohamishiwa kwenye chombo kidogo bila kuvunjika. Nilikaa bandarini mchana kutwa na makuli, nikiwaonyesha kamba ipite wapi, nao wakinionyesha, kwa adabu, kwamba ipite kwingine. Nilifikia mtaa wa Hombo, kwa shoga yake Bi Mariamu aitwaye Bi Fatuma, mwanamke wa Kinzuani mwenye ulimi mwepesi aliyewahi kukaa Unguja na kupenda kunisemesha Kiswahili. Siku ya tatu, mchana, tumekaa barazani na sinia ya wali na pweza, akaniuliza nyumba ya Zaliha imefika wapi, wamekwisha kutia kizingiti? Nikamwambia sijaiona, nadhani imekwisha. Alicheka mpaka shiromani aliyojitanda ikamteleza begani. Akasema, "Imekwisha wapi! Kuta bado ziko mabegani. Na ule mpapai uliojiotea katikati, Mariamu hataki uguswe mpaka siku ya kupandisha paa."

Nilimwuliza mpapai gani. Nilimwuliza nikijua. Akanieleza, juu ya mji, kwenye mteremko, mapapai yake matamu, alikula mwenyewe. Tonge lilikuwa mkononi mwangu na sikujua niliweke wapi. Nikavaa viatu nikaenda posta mbio, nikapiga telegramu kwa mkuu wa ofisi: simamisha malori, pale si gofu, ni nyumba ya watu, tumia shimo la mawe, njia yake imo kwenye rasimu yangu. Karani alinisomea maneno yote, nikamwambia tuma. Chombo cha kurudi Moroni kilikuwa hakiondoki mpaka siku ya tatu. Siku zote hizo Bi Fatuma alinipikia chai ya majani ya mchaichai na kuniuliza nimefanya nini, na mimi nikamwambia tumbo.

Niliposhuka Moroni sikwenda nyumbani, nilipanda moja kwa moja. Nililisikia lori kabla ya kuliona. Telegramu ilikuwa imefika, ilikuwa mfukoni mwa mkuu wa ofisi aliyesimama pale, nilimwona akiigusa. Malori yalikuwa yanarudi kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa juu, maana kushuka bondeni yangechelewa, yanamwaga palepale. Ukuta wa upande wa mlima ulikuwa umelala. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa. Chumba kikubwa kilikuwa bado kimesimama, na mpapai wake, na yale mapapai matatu yameanza kugeuka rangi. Kapteni alikuwa amekaa kwenye madigadi ya gari lake anakula karanga. Nilimweleza kwa Kifaransa kilichokuwa kinanikimbia. Akanisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme, akapangusa mikono, akaifungua ramani juu ya boneti. Akaweka kidole kwenye neno langu, kisha kwenye saini yangu. Akasema, "Andika hapa chini kwamba ulidanganya. Malori yanakwenda shimoni leo hii. Na wewe kesho hurudi kazini."

Akanipa kalamu. Hayo ndiyo yote. Watu waliosikiliza hadithi zangu za wakati ule kwa miaka mingi walipenda kudhani kulikuwa na bastola mezani, na mimi, aibu yangu, sikuwakatalia. Ni kweli wale jamaa walikuwa na bunduki, ni kweli watu walichukuliwa majumbani na wengine wakarudi wamebadilika. Lakini siku ile sikutishwa na bastola. Nilipewa kalamu, na neno moja la kuandika, na chumba kimoja bado kimesimama. Nilifikiria meza yangu. Nilifikiria wale wanaume watakavyocheka, Bibi Jaa hata takataka zimemshinda. Nikamtazama mkuu wa ofisi aseme kitu, naye akatazama viatu vyake. Nikamrudishia Kapteni kalamu yake. Mawe ya lori lililofuata yaliangukia mpapai.

Nyumbani Bi Mariamu alikuwa amekwisha kujua, alikwenda asubuhi akarudi. Vumbi jeusi lilikuwa bado kwenye pindo la nguo yake. Zaliha alikuwa amelala chumbani amejifunika gubigubi. Mbae Hamadi alikuwa amekuja akawaambia Wazungu walimlazimisha. Bi Mariamu aliniwekea sahani ya ndizi na samaki, akaisogeza karibu yangu, akasema, "Kula, mwanangu. Safari ya bahari inachosha." Nikala. Nilikula zote, wallahi, kwa sababu kuacha kungetaka maelezo. Sikumwambia usiku ule, wala wiki ile, wala mwaka ule. Mwalimu alingoja miaka miwili, kisha ukoo wake ukampeleka kwa binti mwenye bati. Zaliha aliolewa baadaye ndoa ndogo, katika chumba changu hiki, na mumewe mpaka anakufa alikaa nyuma kwenye shughuli za mji. Mimi nilirudi Unguja. Kila Idi nilituma kanga, kila nilipokuja Moroni nilifikia kwao, na Bi Mariamu alinipokea kila mara, akafunga mlango, akatoa watu, akakaa nami mkekani peke yetu muda mrefu bila kusema neno. Nilidhani anafurahia kuniona.

Jumba la makumbusho nililiingia mara moja. Ndani ya yale makabati ya vioo niliyoyahangaikia Mutsamudu kulikuwa na chumba cha bibi harusi, kitanda cha kuchonga, mashuka, sanamu ya mwanamke amepakwa liwa, na karatasi ikieleza wageni kwamba katika visiwa hivi nyumba ni mali ya mwanamke. Niliisoma mara mbili. Kisha nikamtukana mlinzi, maskini, ambaye hakunikosea lolote, nikatoka.

Sasa hiyo Jumapili ya hitima. Zaliha aliniita jikoni nimsaidie kuosha sinia. Tukiwa wawili, mikono majini, akasema bila kunitazama, "Mama alijua." Nikamwuliza alijua nini. Akaniambia kwamba mwaka uleule mkuu wa ofisi, alipoona lawama zinamjia, alimletea Mbae Hamadi ramani amwonyeshe saini ni ya nani, na mjomba akaileta nyumbani. Yeye Zaliha ndiye aliyemsomea mama yake. Nikamwuliza kwa nini hawakunifukuza, kwa nini hawakunitemea mate, miaka yote hii kwa nini. Nilikuwa nampigia kelele jikoni kwake, siku ya hitima ya mama yake. Zaliha akasuuza sinia. Akasema, "Nilitaka kukufukuza. Mama akakataa. Alisema utasema mwenyewe. Kila ulipokuja alitoa watu, akakungoja."

Sijui nilijifutaje mikono. Najua nilirudi chumbani, wanawake wamefika kwenye tende na kahawa, bado wako kwenye subira yake, na nikasema kwa sauti, nimesimama, kwamba aliyechora ramani iliyoizika nyumba ya Zaliha ni mimi, na kwamba nilipewa nafasi ya kuikomboa nikaikataa. Wazee walitazamana, wakatazama mikeka. Kisha mjukuu mmoja wa Bi Mariamu, msichana mkubwa anayesoma chuo, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Nyumba gani?" Nilingoja mtu amjibu. Waliokuwa wanaijua wengi wamekwisha kufa, picha haipo, na juu ya kile kifusi watu wengine wamejenga duka la vipuri.

Basi nikapiga magoti. Vikombe nikavisogeza, na kwa kidole nikaanza kumchorea juu ya mkeka, kwa sababu duniani kote aliyewahi kuipima nyumba ile kwa utepe ni mimi peke yangu, na sijasahau kipimo hata kimoja. Hapa mlango, unatazama barabara. Hapa chumba cha mbele. Ukuta huu mnene zaidi, wa kuzuia mteremko. Hapa chumba kikubwa, cha kitanda, mpapai katikati. Mita nne kwa mita tano.

"Tano na nusu," akasema Zaliha mlangoni.